Mbung'o wa Buha na Somo la Elimu ya Viumbe

Wazee hutuuliza mara nyingi, sisi tufundishao elimu ya viumbe katika shule za Misioni: Habari hizi za vijidudu zamfaa nini mtoto wa mkulima? Nchi ya Buha, yaani Kasulu na Kibondo, ina jibu katika historia yake yenyewe.

Hapo kale watu walimjua mbung'o kwa ukali wa kuuma kwake, lakini chanzo cha malale hakikujulikana. Mwaka 1902 daktari Castellani, Mtaliani, aliona kijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa huko Uganda. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha ya kuwa mbung'o ndiye amchukuaye kutoka damu hata damu. Siku zile malale yalikuwa yakiangamiza watu wa Busoga na wa visiwa vya Ziwa Viktoria. Yakadiriwa ya kuwa waliokufa walipita 200,000.

Baadaye ikawa zamu ya Buha. Tangu mwaka 1933 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu waliotawanyika porini, ikawakusanya katika makao mapya. Mbung'o hutaka kivuli cha miti na damu ya wanyama. Watu wengi wakikaa pamoja na kufyeka pori, yeye hukosa makao. Shauri hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini mtu aliyeambiwa aache shamba lake na makaburi ya babu zake aliisikia amri, wala kijidudu hakukiona. Asiyejua maana haambiwi maana. Basi aliyerudi porini kutafuta asali tusimwite mkaidi upesi; asali ilikuwa mali yake, na hatari haikuonekana kwa macho.

Wakati ule Kasulu na Kibondo zilikuwa katika Jimbo la Magharibi, na makao makuu yake yalikuwa Tabora. Huko Tabora, katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe, Julius Nyerere, aliyemaliza Makerere mwaka 1945, alifundisha elimu ya viumbe kabla hajakwenda Edinburgh mwaka 1949. Hapo Mwafrika aliwaeleza Waafrika wenzake jinsi mwili na viumbe vilivyo. Lakini kwa mtoto wa Kibondo, Tabora ilikuwa mbali: ashuke kwanza kwa miguu mpaka njia ya reli, ndipo apande gari la moshi.

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na malale hayakwisha. Hata katika miaka ya 1990 wagonjwa walionekana Kasulu na Kibondo. Lakini sasa shule za sekondari zi karibu na nyumbani. Mwanafunzi atazamaye tone la damu katika hadubini aweza kumweleza baba yake arinaye asali kwa lugha ya nyumbani: homa isiyoachia, na kidonda mahali alipouma mbung'o, visingojewe. Damu ipimwe mapema, kwa maana dawa hufaa zaidi kabla kijidudu hakijaingia katika ubongo.

Ndilo jibu letu, wazee wetu. Amri iliwahamisha watu kwa siku chache. Mafundisho hukaa nyumbani, naye mtoto huyapeleka hata porini pasipofika mganga wala bwana shauri.