Kitabu cha Picha cha Askofu Comenius

Wazazi hutuuliza, kitabu gani kitamfaa mtoto aanzaye kusoma? Na tumkumbuke Jan Amos Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592, askofu wa Ndugu wale ambao Kanisa la Moravian, lililofika Rungwe mwaka 1891, lina asili kwao. Alihamishwa kwao kwa ajili ya imani. Na mwaka 1656 mji wa Leszno, alikokimbilia, ukateketezwa, maandiko yake mengi yakaungua. Hata hivyo mwaka 1658 Orbis Sensualium Pictus kikapigwa chapa Nuremberg, kwa Kilatini na Kijerumani.

Kina sura 150. Vitu vilivyo katika picha vimetiwa namba, na namba zile zile zimewekwa penye majina yake katika maneno. Basi mtoto aona, ndipo asome. Hata herufi zafundishwa kwa sauti: kunguru alia, mwana-kondoo alia.

Twavijua vitabu vyenye rangi nzuri ambavyo maneno yake hayapatani na picha. Mtoto huvifunua tu, asisome. Hivyo tusivinunue, hata vikiwa rahisi. Comenius alitaka mtoto apewe kitabu nyumbani kabla ya kuingia shule, akitazame apendavyo, tena aruhusiwe kuziiga picha kwa mkono wake.