Nani Aliandika Mchoro? Historia Fupi ya Wanyama wa Kufuma na Nguo Zao

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu, na nimechagua jambo ambalo wengine watalicheka: midoli ya kufuma. Sungura mwenye gauni, dubu mwenye sweta, tembo mwenye suruali. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Mimi nimelelewa na bibi ambaye sindano mbili hazikumtoka mkononi. Sisi wa Uvira kazi hiyo tunaiita triko. Bibi alijifunza ng'ambo ya ziwa, Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, kabla ya uhuru. Tulipokimbia, sindano zilibaki nyumbani. Mwaka wetu wa pili hapa, mama alinoa spoku mbili za baiskeli, akafumua sweta kuukuu la mtumba, na baada ya siku nne mdogo wangu akawa na sungura mwenye koti. Sungura yule hakutoka kwenye karatasi yoyote. Alitoka kichwani mwa bibi, akapitia kwenye mikono ya mama.

Baadaye mradi mmoja ulifika makazini kwetu ukiwa na uzi mzuri na michoro ya Kiingereza. Kwa wasiojua: mchoro ni maelekezo ya kufuma, yanayokuambia uanze na vitanzi vingapi, uongeze wapi, upunguze wapi. Kina mama walifuma na wakalipwa kwa kila mdoli. Mama yangu alichoka na dubu, akabuni wake: mbuzi aliyejifunga kitenge, na kitoto cha mbuzi mgongoni. Wageni wakampenda sana, wakampiga picha. Mwaka uliofuata mbuzi yule alirudi akiwa kwenye karatasi, kwa Kiingereza, vitanzi vyote vimehesabiwa. Jina la mama halikuwepo. Mimi nilikasirika. Mama akasema tu, "Mwanangu, mimi niliandika wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nisome historia hii.

Kufuma kulianzia wapi

Watu wengi wanadhani kufuma ni kitu cha Wazungu na baridi yao. Kumbe vipande vya zamani zaidi tunavyovijua vya kufuma kwa sindano mbili vilipatikana Misri, hapa hapa Afrika. Ni soksi na vipande vya pamba, vingine vya buluu na nyeupe, vya karne ya 11 hadi ya 14 hivi. Waliovifuma hatuwajui hata mmoja. Soksi ilibaki, jina likapotea.

Kwa karne nyingi ujuzi huu ulipita mkono kwa mkono, kama kwa bibi yangu. Uingereza, maelekezo ya kufuma yalianza kuchapwa katika karne ya 17. Lakini biashara ya vitabu vya michoro ilishika kasi karne ya 19. Huko Edinburgh, Scotland, mwanamke aitwaye Jane Gaugain alikuwa na duka la nyuzi na kazi za mikono. Mwaka 1840 alitoa kitabu cha michoro ya kufuma, akatumia herufi na alama zake mwenyewe ili mstari mrefu wa maneno uwe mfupi. Nadhani hakuwa fundi peke yake mjini mwake. Lakini aliandika, na ndiyo maana leo mimi ninalijua jina lake.

Tembo wa Margarete

Sasa tuje kwa wanyama. Mwaka 1847, Giengen, Ujerumani, alizaliwa Margarete Steiff. Akiwa mdogo sana aliugua polio. Miguu ikapooza, mkono wa kulia ukabaki na maumivu, akaishi maisha yake yote kwenye kiti cha magurudumu. Alijifunza kushona hata hivyo. Mwaka 1880, akifuata mchoro aliouona kwenye gazeti la mitindo, alishona tembo mdogo wa kuchomekea pini. Watoto wakamchukua tembo, wakaanza kumchezea. Margarete akaelewa kwamba hakutengeneza kifaa cha kushonea, alikuwa ametengeneza mdoli. Kiwanda chake kilikua, na mwaka 1902 mpwa wake Richard akabuni dubu mwenye mikono na miguu inayozunguka.

Angalieni jambo moja hapo: Margarete alianza na mchoro wa mtu mwingine. Kuiga ndiyo shule ya fundi, hakuna aibu. Kazi ni kujua siku ya kuacha kuiga.

Mwaka huohuo wa 1902, Marekani, Rais Theodore Roosevelt alikataa kumpiga risasi dubu aliyekuwa amefungwa kwenye mti, na mchoraji wa katuni akalichora tukio hilo gazetini. Huko Brooklyn, Morris Michtom na mkewe Rose walikuwa na duka dogo la peremende. Morris alikuwa Myahudi aliyehamia kutoka Urusi. Wakashona dubu, wakamweka dirishani, wakampa jina la rais. Duka la peremende likageuka kampuni kubwa ya midoli. Mhamiaji, sindano, kipande cha kitambaa: hadithi hii tunaijua hata sisi.

Sungura na koti lake

Lakini nguo ziliingia vipi? Kumvalisha mnyama ni mchezo wa zamani, ila aliyeufanya uwe biashara ya vitabu na midoli pamoja ni Mwingereza Beatrix Potter. Mwaka 1902 kitabu chake cha Peter Rabbit kilichapishwa rasmi. Peter ni sungura mwenye koti la buluu, na koti lenyewe lina kazi kwenye hadithi: analipoteza akikimbizwa kwenye bustani ya mtu. Bila koti Peter ni sungura kama sungura wengine wa porini. Akiwa nalo, ni mtoto mtundu ambaye mama yake atamuuliza nguo iko wapi.

Mwaka 1903 Potter alishona mdoli wa Peter kwa mikono yake, akaenda kuusajili serikalini uwe mali yake. Alijua kuna watu watauiga. Na kweli, kitabu chenyewe hakikulindwa kisheria Marekani, wachapishaji wa huko wakakichapa bila kumlipa. Mwanamke wa familia yenye pesa, London, naye aliibiwa. Tofauti ni kwamba alikuwa na karatasi za kuonyesha yeye ni nani na kazi ni ya nani.

Dubu mkimbizi

Mwaka 1958 Michael Bond alitoa kitabu cha kwanza cha Paddington, dubu aliyetoka Peru peke yake, akafika kituo cha treni London akiwa na kofia, begi, na kikaratasi shingoni kinachowaomba watu wamtunze. Bond alieleza kwamba aliwakumbuka watoto aliowaona wakihamishwa wakati wa vita, kikaratasi shingoni na vitu vyao kwenye begi dogo. Kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939 karibu watoto 10,000, wengi wao Wayahudi, walipelekwa Uingereza bila wazazi kuwakwepa Wanazi. Wengi wao hawakuwaona wazazi wao tena.

Mwaka 1972 Shirley Clarkson alishona mdoli wa Paddington. Akamvalisha buti za mvua, kwa sababu bila buti dubu hakuweza kusimama. Nguo ilimsimamisha. Mimi nikisoma hapo nilikaa kimya kidogo.

Uingereza wakati wa vita nguo na uzi vilikuwa kwa mgao kuanzia 1941. Watu walifumua sweta za zamani wakafuma upya, sawasawa na mama na mtumba wake. Mchoro mmoja wa dubu wa kufuma, unaosimuliwa kuwa ulitumika kuwafariji watoto waliohamishwa wakati huo, ndio uliotumiwa na Mother Bear Project, kundi lililoanzishwa Marekani mwaka 2003 ili kuwatumia dubu watoto wa Afrika walioathiriwa na UKIMWI. Mchoro mmoja, vita viwili tofauti.

Mchoro una nini ndani

Msidhani ni kazi ya kitoto. Kwanza, ufumaji unavutika. Ukitumia sindano nene, pamba ya ndani itachungulia nje. Kwa hiyo kwa mdoli unachukua sindano nyembamba kuliko za sweta la uzi uleule. Pili, hakuna mkasi. Umbo lote linatoka kwenye hesabu: unaongeza vitanzi shavu linapopanuka, unapunguza shingoni. Ukikosea vitanzi viwili upande mmoja, mbuzi anakuwa na taya la nguruwe.

Tatu, nguo. Dubu wa kufuma ana kichwa kikubwa kuliko mabega, halafu masikio juu. Gauni halipiti! Lazima lifunguke mgongoni, au livaliwe kuanzia miguuni. Suruali inataka tundu la mkia, kofia inataka matundu ya masikio. Na kama mdoli ni wa mtoto mchanga, macho yatariziwe kwa uzi. Kifungo kinang'oka, mtoto anakimeza.

Nani kati yetu atasema hii siyo hesabu?

Kwetu je?

Usumbura kulikuwa na foyer social, nyumba ya mafunzo ya wanawake iliyofunguliwa na Wabelgiji mwaka 1946. Wanawake walifundishwa kupika, kushona, kufuma, kupiga pasi. Bibi alisema mwalimu alikuwa anatembea katikati ya madawati akikagua, na aliyebadilisha kitu alifumuliwa kazi yake yote. Ujuzi ulikuwa mzuri, bibi hakuwahi kuukana. Lakini somo lilikuwa kufuata.

Kenya, huko Njoro, Kenana Knitters ilianza mwaka 1998 ili wanawake wa vijijini wapate soko la sufu waliyoisokota na vitu walivyofuma. Wanyama wao wanauzwa nchi za nje, na kila mmoja ana kibandiko chenye jina la mwanamke aliyemfuma. Hatua hiyo ni kubwa. Mimi nataka na ya pili: jina la aliyebuni.

Maana siku hizi pesa imehamia kwenye mchoro. Tangu mtandao wa Ravelry uanze mwaka 2007, wabunifu wanauza maelekezo peke yake. Mdoli unauzwa mara moja, mchoro unauzwa hata mara elfu, na hauhitaji kontena wala posta. Kwa mkimbizi ni mali nyepesi kuliko zote.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilikaa na mama, kalamu mkononi. Yeye anafuma, mimi naandika. "Hapo umefanya nini?" "Nimepunguza." "Vingapi?" "Sijui, mkono unajua." Tulifumua mara tatu. Mara ya kwanza kitenge hakikupita pembe. Mara ya pili kitoto kilining'inia kama mzigo wa kuni. Mara ya tatu ikakubali.

Karatasi imekamilika, kurasa mbili, kwa Kiswahili. Juu nimeandika jina la mama, na chini yake jina la bibi. Kina mama sita wameshaijaribu, na mbuzi sita wamesimama.

Ndugu zangu mnaofanya kazi na mashirika, ombi ni dogo: mkipiga picha ya kazi ya mtu, andikeni na jina lake, kisha mumuulize kama anakubali. Na ninyi vijana wenzangu, leo jioni muulizeni mama au shangazi anajua kutengeneza nini. Chukueni kalamu kabla hajachoka kusimulia.