Umiliki wa Jamii na Soka ya Wanawake katika Njia Kuu ya Misafara: Kutoka Bagamoyo hadi Kigoma kwa Kupitia Tabora

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya klabu za soka za wanawake zilizoanzishwa na kumilikiwa na jamii, kwa kurejelea miji iliyo katika njia kuu ya misafara ya Tanzania ya kati na magharibi. Hoja kuu ni kwamba soka ya wanawake ilijengwa kwanza na vikundi vya mitaa, kisha ikapata fedha na mafanikio ya kimataifa mikononi mwa taasisi na klabu kubwa. Mabadiliko hayo yameacha swali la umiliki bila jibu, na Tabora ndiko linakoonekana waziwazi zaidi.

1.0 Utangulizi

Ligi kuu ya wanawake Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17 ikiwa na timu 12 zilizogawanywa katika makundi mawili. Orodha ya timu hizo inapowekwa juu ya ramani ya karne ya 19, jambo moja hujitokeza. Mlandizi Queens, waliotwaa ubingwa wa kwanza, walitoka mkoa wa Pwani, ambako Bagamoyo ilikuwa lango la misafara. Baobab Queens walitoka Dodoma, katika nchi ya Wagogo ambako wasafiri walilipa hongo ili wapate maji na njia. Singida iliwakilishwa na timu ya Majengo. Mwisho wa njia, jirani na Ujiji, palikuwa na timu ya Sisterz ya Kigoma. Tabora, njia panda ya misafara yote hiyo, haikuwa na timu.

Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa madai mepesi kwamba wanawake wa Unyamwezi hawakuwa na desturi ya kujiunga na kujiendesha. Ushahidi wa kihistoria unakana dai hilo. Maelezo yanapaswa kutafutwa katika suala la umiliki: nani huanzisha klabu, nani huigharimia, na nani huwa na kauli ya mwisho juu yake.

2.0 Misafara, ngoma na desturi ya kujiunga

Katika utafiti wake kuhusu wapagazi, Rockel (2006) anaonyesha kwamba msafara wa Wanyamwezi haukuwa kundi la watu waliosukumwa tu na tajiri. Wapagazi waligawanyika katika makambi ya watu waliokula chungu kimoja, na kirangozi alitegemea ridhaa ya wenzake. Wanawake walikuwamo katika misafara hiyo: walipika, walibeba mizigo na wengine walijitafutia kipato chao wenyewe. Hivyo, kuchangia na kugawana kwa utaratibu uliokubaliwa kulikuwa sehemu ya maisha ya njiani muda mrefu kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Katika kipindi cha ukoloni, desturi hiyo ilichukua sura ya vyama vya ngoma. Ranger (1975) alifuatilia namna beni ilivyosambaa kutoka pwani hadi bara, ikiwa na vyeo, michango na ushindani kati ya makundi. Geiger (1997) naye alionyesha kwamba vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa nguzo ya uandikishaji wa wanachama wa TANU kuanzia mwaka 1955. Bibi Titi Mohamed mwenyewe alitokea katika kikundi cha ngoma kabla ya kuongoza wanawake wa chama hicho. Kwa hiyo, TANU ilipokutana Tabora mwezi Januari 1958 na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, sehemu ya nguvu yake ilitokana na wanawake waliokwisha kujifunza kuchanga, kuchagua viongozi na kutunza chama chao.

3.0 Klabu ya wanachama na mipaka yake

Soka ya Tanganyika ilikua katika mazingira yayo hayo. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, zilikuwa mali ya wanachama. Sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa iliweka utaratibu wa kusajili vyama na klabu. Klabu ilitambulika kwa katiba yake, wanachama wake na viongozi wake.

Hata hivyo, neno "wanachama" lilibeba dhana ya wanaume bila kulisema hilo. Mwanamke aliweza kushangilia, kupika na kuchangia, lakini uwanja haukuwa wake. Hali hiyo haikuwa ya Tanzania pekee. Uingereza, shirikisho la soka lilizuia wanawake kutumia viwanja vya klabu zake kuanzia mwaka 1921, na marufuku hiyo ilidumu kwa takribani miaka 50. Tanzania haikuhitaji marufuku ya namna hiyo, kwa kuwa mazoea yalitosha.

Wanawake walipoanza kuunda timu zao, walirudi katika msingi wa mtaa. Majina ni ushahidi: Mburahati Queens ilibeba jina la mtaa wa Dar es Salaam, na Mlandizi Queens jina la mji mdogo wa Kibaha. Umuhimu wa klabu za aina hiyo unapimika kwa tukio moja. Timu ya taifa, Twiga Stars, ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2010 zilizofanyika Afrika Kusini, miaka sita kabla ya ligi kuu ya wanawake kuanza. Taifa lilivuna mahali ambapo mitaa ndiyo iliyopanda.

4.0 Kuingia kwa taasisi

Baada ya msimu wa kwanza, mizani ilibadilika. Kuanzia 2017/18 hadi 2023/24, ubingwa haukutoka nje ya timu mbili, yaani JKT Queens na Simba Queens. Ya kwanza ni ya Jeshi la Kujenga Taifa na ya pili iko chini ya klabu kubwa ya wanaume. Kanuni za leseni za Shirikisho la Soka Afrika, zinazozitaka klabu za wanaume kuwa na timu za wanawake ili zishiriki mashindano ya bara, nazo ziliongeza kasi ya mwelekeo huo.

Mafanikio yaliyopatikana si ya kubezwa. Simba Queens walishika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika kwa wanawake mwaka 2022, nchini Morocco. Twiga Stars walifuzu tena fainali za Afrika, zilizochezwa Morocco mwaka 2025. Mchezaji anayelipwa mshahara, anayetibiwa anapoumia na anayesafiri kwa uhakika ana hali bora kuliko yule anayesubiri mchango wa mtaa ili apate nauli ya kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, safari inayozidi kilomita 1,000. Umiliki wa jamii usio na fedha unaweza kuwa mzigo unaotwishwa wanawake kwa jina la heshima.

Lakini gharama ipo pia upande wa pili. Timu iliyo idara ndani ya klabu nyingine haina mkutano mkuu wake. Wanachama wa Simba walipokubali mfumo wa hisa unaowaachia asilimia 51, mjadala ulihusu mwekezaji na wanachama. Mfumo huo haukuwapa wachezaji na mashabiki wa timu ya wanawake fungu lao la maamuzi.

Tabora inaonyesha tatizo hilo kwa namna yake. Rhino Rangers, iliyocheza ligi kuu ya wanaume msimu wa 2013/14, ilikuwa timu ya jeshi. Tabora United ilitokana na Kitayosce, klabu yenye asili ya Kilimanjaro iliyopanda daraja mwaka 2023. Mwaka 2025 ikawa TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato. Katika mifano hii mji umetoa uwanja, mashabiki na kwa muda jina, ilhali hatima ya timu imeamuliwa kwingine. Pale ambapo hata timu ya wanaume huja na kubadilika kwa uamuzi wa taasisi, timu ya wanawake haina mzazi wa kuirithi. Isipoanzishwa na jamii yenyewe, haipatikani.

5.0 Uzoefu wa kulinganisha

Klabu ya Lewes, katika mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, inamilikiwa na mashabiki wake tangu mwaka 2010, kila mmoja akiwa na kura moja. Mwaka 2017 iliamua kutenga bajeti sawa kwa timu ya wanaume na ya wanawake. Mazingira ya Lewes si ya Tabora, na uamuzi wenyewe haukuondoa tatizo la fedha. Fundisho lake ni dogo lakini la msingi: usawa uliwezekana kwa sababu palikuwa na mahali pa kuupendekeza na watu wenye haki ya kuupitisha.

6.0 Hitimisho

Historia ya njia ya misafara inaonyesha kwamba kuchanga, kuchagua kiongozi na kumwajibisha si mambo mageni kwa wanawake wa Tanzania ya magharibi. Kinachokosekana ni chombo cha soka kinachotambua uwezo huo. Udhamini wa taasisi na umiliki wa jamii havilazimiki kupingana. Taasisi inaweza kugharimia timu huku jina, makao na sehemu ya kura vikibaki kwa wanachama, wakiwemo wanawake wanaocheza. Bila mpaka huo kuandikwa katika katiba za klabu, mji utaendelea kuwa kituo ambacho timu hupitia, kama misafara ilivyopita zamani, ikipumzika Tabora na kuendelea na safari yake.