Utafiti wa kiangazi pale MIT: RSI ni nini, nani anaingia, na kwa nini hailipiwi

Swali limenifikia mara nyingi sana mwezi huu, kutoka kwa wanafunzi wa hapa nyumbani na wazazi wawili waishio Marekani: hii RSI ni kitu gani, mtoto anaingiaje, na ni shilingi ngapi? Naanza na hilo la mwisho maana lilishanitoa jasho.

Nikiwa form five nilipata barua pepe ya hongera. Nimechaguliwa, ikasema, kwenda kusoma sayansi kiangazi kwenye chuo kikubwa cha Marekani. Nilikuwa sijaomba popote. Hilo wala halikunishtua, nikajua sifa zangu zimevuma. Walitaka dola 300 za kushikilia nafasi, halafu maelfu baadaye. Mama akaomba apewe zamu yake ya upatu mapema, tukatuma. Hayo maelfu hatukuyapata, na zile 300 hazikurudi. Nilipoisoma fomu upya nikakuta wameandika kwa herufi ndogo kwamba hazirudishwi. Kwa hiyo siwaiti wezi. Lakini upatu wa mama ndio ulikwenda.

Sasa RSI yenyewe. Kirefu chake ni Research Science Institute. Inaendeshwa na shirika lisilo la faida liitwalo Center for Excellence in Education, lililoanzishwa 1983 na Admirali Hyman Rickover pamoja na Joann DiGennaro. Rickover ndiye aliyesimamia kutengenezwa kwa nyambizi za nyuklia za Marekani. Alizaliwa Poland mwaka 1900, akahamia Marekani akiwa mtoto. Baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957 alikuwa mmoja wa waliopiga kelele sana kwamba shule za Marekani zinalala. RSI ya kwanza ikafanyika 1984, na kwa miaka mingi sasa makao yake ya kiangazi ni chuo cha MIT, mjini Cambridge karibu na Boston.

Kila mwaka maelfu wanaomba. Wanaopata walikuwa kama 80 kwa muda mrefu, siku hizi ni kama 100. Na hao 100 hawalipi ada ya masomo, wala bweni, wala chakula. Nauli ya kufika ndiyo inayobaki kwa mwanafunzi. Ipo ada ya kupeleka maombi, nayo asiyejiweza anaweza kuomba asamehewe. Ona tofauti na barua yangu: hapa hakuna anayekufuata kukupa hongera kabla hujaomba, na ukishachaguliwa hakuna anayekudai pesa za nafasi.

Wakifika wanakaa wiki sita, kuanzia mwishoni mwa Juni. Wiki ya kwanza ni ya masomo mazito darasani. Baada ya hapo kila mmoja anapelekwa kwa msimamizi wake, mtafiti kweli kweli, kwenye maabara au idara ya hisabati, na anapewa tatizo ambalo jibu lake halipo nyuma ya kitabu. Hapo ndipo naona uhondo wote. Sisi tuliosoma kwa past papers tumezoea swali ambalo mtunzi anajua jibu. Huyu dogo wa miaka 16 au 17 anaweza kukaa wiki tatu na jaribio likagoma, msimamizi naye akawa hajui kwa nini. Mwisho wa safari anaandika makala kwa mtindo wa majarida ya sayansi, halafu anasimama mbele ya wenzake kuieleza. Terence Tao, yule mwanahisabati wa Australia aliyepata nishani ya Fields mwaka 2006, alipita hapo akiwa na miaka 14.

Nani anaruhusiwa? Hapa wengi wanajikwaa. Ni kwa anayemaliza mwaka wa tatu wa sekondari ya juu ya Marekani, yaani amebakiza mwaka mmoja shuleni. Aliyemaliza form six kama mimi, mlango umeshafungwa, tusidanganyane. Wanaojaza fomu moja kwa moja ni raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo mzazi wa Minnesota au Texas mwenye mtoto ana grini kadi, mwanao anaomba kama mtoto mwingine yeyote wa kule. Kwa miaka ya karibuni fomu zimekuwa zikifungwa Desemba, hivyo ukisubiri Machi umechelewa.

Wanataka ripoti za shule, matokeo ya mitihani kama PSAT, barua za walimu wa hisabati na sayansi, na insha. Mimi naona insha ndiyo inayowaangusha wengi, maana alama za juu wote wanazo. Anaulizwa angependa kuchunguza nini, naye anaandika kwamba anataka kuponya saratani. Hilo ni ombi, sio swali la utafiti. Sisi wa Arusha tumekulia kwenye maji yenye floraidi, meno ya kahawia tunayajua. Mtoto anayeandika "kwa nini kisima chetu kina floraidi nyingi kuliko cha ng'ambo ya mto, nilipima hivi, nikakwama hapa" ameshaonyesha kichwa kinavyofanya kazi. Hasa hapo aliposema amekwama. Na mwalimu wa kuandika barua awe yule aliyemwona akihangaika, sio mkuu wa shule kwa sababu ya muhuri wake.

Watoto wa nchi nyingine wanaingia kupitia taasisi za kwao. Mfano mzuri ni Bulgaria. Hawa walianzisha 2000 taasisi yao ya wanafunzi wa sekondari ya hisabati na informatiki, watoto wanafanya miradi mwaka mzima, na walio bora wanapelekwa RSI. Bulgaria sio nchi tajiri kwa viwango vya Ulaya. Saudi Arabia wao walikwenda mbali zaidi, wakafungua RSI ya kwao kwenye chuo cha KAUST. Ndiyo maana nasema swali la kumuuliza waziri sio "mtoto wangu aombeje" bali "nani kwetu anachagua na kupeleka?"

Kwa aliye Dar au Mombasa bila uraia wa Marekani, afadhali aangalie Summer Science Program, SSP. Ina umri mkubwa kuliko RSI, ilianza 1959 huko California, na inapokea maombi kutoka nje ya Marekani. Maarufu kwao ni kazi ya asteroidi, yale mawe makubwa yanayozunguka jua: wanafunzi watatu watatu wanalipiga picha kwa darubini, kisha wanaandika programu ya kompyuta kukokotoa njia yake. SSP ina ada, ila kuna msaada kulingana na kipato cha familia. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba marehemu Franklin Antonio, mmoja wa waanzilishi wa Qualcomm na mwanafunzi wao wa zamani, amewaachia dola milioni 200.

Na hapa nyumbani tunayo Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011 kwa mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyoanza 1965. Mwanafunzi anachunguza jambo la mtaani kwake pamoja na mwalimu, anapeleka Dar es Salaam, anabanwa maswali na majaji. Mimi nilipokuwa shule tangazo lake lilikaa ubaoni muhula mzima. Sikulisoma, nilikuwa nasubiri barua pepe ya pili kutoka Marekani.

Mwenye mtoto aliyewahi kuomba RSI au SSP, hata kama alikosa, tupe uzoefu hapo chini. Hasa kwenye ile insha aliandika nini.