Karatasi Juu ya Majibu

Philadelphia, Marekani, Machi 1838. Rebecca Gratz anafungua shule ya dini ya watoto wa Kiyahudi. Siku yenyewe Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato. Walimu ni akina mama na akina dada, wanajitolea. Lugha Kiingereza. Na vitabu je? Hamna! Basi wakachukua vya shule za Jumapili za Wakristo, na kila jibu lisilowafaa wakalibandikia karatasi. Usiwacheke, msomaji. Wahubiri wa Kikristo walikuwa wakiwavuta watoto haohao, nani angengoja? Mwaka 1839 Isaac Leeser akatoa katekisimu ya Kiyahudi. Lakini zile kurasa zilizobandikwa! Watoto, si unawajua, walihangaika kweli kusoma kilichofichwa chini.