Siku Tatu Mwisho wa Reli

Wageni wengi wanaofika Kigoma huwa wanapita tu. Wanatua uwanja wa ndege, wanalala usiku mmoja, na kukipambazuka wako Kibirizi wakitafuta boti ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe Julai 1960. Gombe inastahili safari, hilo halina ubishi. Lakini haraka hiyo inawapitisha kando ya Ujiji, mji ambao Ulaya ilikuwa imeshausoma vitabuni kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga Dar es Salaam.

Mwenye siku tatu aanzie huko, na Kigoma ifuate. Daladala za Ujiji zinapita Mwanga, na mwendo wenyewe ni mfupi.

Ujiji ndipo ilipoishia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Pembe za ndovu na watumwa walivushwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kisha safari ya kwenda pwani ikaanza kwa miguu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke, walioondoka pwani Juni 1857, waliingia Ujiji Februari 1858. Kama vile njia nzima ya misafara, mji huu ulijaa miembe, nayo ingali inatoa kivuli.

Chini ya mmoja wa miembe hiyo, mwandishi wa habari Stanley alimkuta mpelelezi Livingstone, Novemba 1871 kwa tarehe za Stanley mwenyewe. Hadithi hiyo imesimuliwa hadi imechakaa, na sanamu za wawili hao wakisalimiana kwenye jumba la makumbusho hazisaidii sana. Kinachosisimua zaidi ni yale ambayo sanamu hazionyeshi. Livingstone alikuwa amerudi mgonjwa kutoka Manyema na kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Alibakiwa na vitu vichache tu vya kununulia chakula. Aliyemkimbilia Stanley njiani kumlaki alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Siku chache baadaye wazungu hao walipanda mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakahakikisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Dhana kwamba huenda ziwa hilo ndilo chanzo cha Nile ikafia hapo.

Mgeni akisimama kwenye mnara wa kumbukumbu hujiuliza ziwa liko wapi. Zamani hizo maji yalikuwa karibu zaidi. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango pekee wa kutokea maji ya Tanganyika, na ulikuwa umezibwa kwa matope na magugu. Ulipozibuka mnamo 1878, ziwa likaanza kushuka. Ufuko wa Ujiji ukasogea na kuwaacha watu nyuma.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walihitaji bandari yenye kina, na ghuba ya Kigoma ilikuwa nacho. Treni ilipofika 1914, biashara ikahamia huko, na Ujiji ukabaki na misikiti yake, vibaraza vyake na Kiswahili chake.

Stesheni ya Kigoma ingali inatumika, na nusu saa ya kuizunguka haipotei bure. Reli hiyo ndiyo iliyoleta, vipande vipande ndani ya masanduku, meli ya Graf von Götzen iliyoundwa Papenburg, Ujerumani. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, ila mafundi waliipaka mitambo mafuta mazito kwanza. Waliona mbali: Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Siku ya tatu ni ya dagaa, na hapo kalenda ya mwezi ina neno. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu na mitumbwi mingi hulala ufukweni. Kwa hiyo anayetaka kuona taa zikitapakaa ziwani kama mji wa pili aepuke mwezi mpevu. Aangalie pia tangazo la kufungwa kwa uvuvi: mwaka 2024 ziwa lilipumzishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Nje ya miezi hiyo, asubuhi na mapema Kibirizi au Katonga, dagaa hutandazwa kukauka huku akina mama wakiwageuza na kufukuza ndege, na bei huanza kutajwa hata kabla jua halijawakausha.