Bango la Meli Normandie
Ufaransa, 1935. Litografia ya rangi kwenye karatasi.
Mchoraji: A. M. Cassandre (1901–1968)

Omo ya meli imesimama wima mbele yako, kama inavyoonekana na mtu aliye usawa wa maji. Tazama chini, ubavuni: kuna kundi la ndege wadogo weupe. Wao ndio kipimo cha ukubwa wa chombo hiki chenye urefu wa mita 313.

Cassandre, jina lake la kuzaliwa Adolphe Mouron, alizaliwa Kharkiv, Ukraine, akajenga jina Paris. Bango hili aliichorea Compagnie Générale Transatlantique, kampuni ya Ufaransa iliyosafirisha abiria kutoka Le Havre kupitia Southampton hadi New York. Katika safari yake ya kwanza, iliyoanza Mei 1935, Normandie ilivunja rekodi ya kasi ya kuvuka Atlantiki.

Meli iliungua bandarini New York Februari 1942, ikapinduka, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikakatwakatwa kuwa vyuma chakavu.

Mabango ya aina hii yalichapwa kwa matangazo ya muda mfupi, na mengi yalitupwa. Yaliyosalia hulindwa dhidi ya mwanga mkali, unaofifisha wino.